Maji Baridi Ndani ya Giaboksi

Gari la marehemu mume wangu lilikuwa la Kijerumani, la zamani, rangi ya maziwa ya mgando, na halikuwa na klachi. Hilo la klachi nalitaja mwanzo kwa sababu ndilo lililozaa mambo yote. Gari lisilo na klachi hujibadilishia gia lenyewe, na kwa kazi hiyo lina oili yake nyekundu inayokaa ndani ya giaboksi, mbali kabisa na oili ya injini. Mimi hayo sikuyajua. Nilijua kulipanda tu, tena kiti cha nyuma.

Alilinunua kwa mzungu mmoja mzee wa Galu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Kwanza akalitumia kubebea wageni wa mahoteli ya Diani. Wageni walipopungua likawa gari la maharusi, na kuanzia Kinondo hadi Msambweni binti aliyetoka kwao kwa heshima alitoka kwa gari letu. Mume wangu alikuwa na neno lake juu ya binti yetu mdogo. "Huyu wa mwisho nitampeleka mimi," akisema, "na nikishindwa, atampeleka mkwe." Alilisema mbele yangu, mbele ya huyo mkwe, na mbele ya mtoto mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa bado anaruka kamba uwanjani. Akashindwa kweli. Maradhi yakamlaza, akafariki, Mungu amrehemu, na gari likabaki kwenye banda la makuti kando ya jiko langu.

Mkwe ninayemsema ni mume wa binti yangu mkubwa. Ni mtu wa Mackinnon Road, kule juu kwenye ukame na malori, na yeye mwenyewe ni dereva wa lori. Wanakaa Msambweni, anabeba mchanga. Alipokuja kuposa sikumpenda, na sababu nilikuwa nayo moja tu, kwamba hakuwa wa kwetu. Nilitaka mtu wa pwani, ambaye nikimtaja babu yake najua kaburi lake lilipo. Mume wangu aliniambia, "Mwanamke wee, unaoza mtoto au unaoza makaburi?" Nikanyamaza, lakini moyoni sikunyamaza.

Sasa kwetu, mkwe wa kiume na mama mzaa mke hawazoeani. Akinikuta njiani hunipisha na kutazama chini. Hali chakula mbele yangu. Akiwa na neno humwambia mke wake, mke wake huniambia mimi, na jibu langu hurudi kwa njia ile ile, hata kama amesimama pale pale na anasikia kila kitu. Na hanibishii. Nikisema jua ni mwezi, atasema ndiyo, mama. Kwao nako ni vivyo hivyo, tena kupita kwetu. Nililelewa hivyo, nikaona ni jambo jema, na mpaka leo siwezi kusema ni baya. Lakini lina mlango wake wa nyuma, na mimi niliupita bila kujua.

Nilipotoka eda, kitu cha kwanza nilichokwenda kutazama ni gari. Vioo vilikuwa vimefanya ukungu wa chumvi. Nyumba yetu haiko mbali na bahari, na upepo wa huku hula bati, hula misumari, hula mpaka sufuria iliyoanikwa nje. Marehemu alikuwa akilipangusa gari kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, nami nikanuia kuendelea na Ijumaa zake. Ila mimi nimezaliwa nyumba ya wavuvi. Kwetu chuma kilichoguswa na bahari kina dawa moja, maji baridi, yaani maji ya kisima. Mashine ya boti ikitoka baharini husuuzwa kwanza, mtu ndipo ale. Basi kila Ijumaa nikawa nafungua boneti, nachota kisimani, nasuuza chuma chote kilichomo mle ndani, ndoo kwa ndoo, mpaka maji yadondokayo chini yawe safi. Nasoma Fatiha, nafunga boneti. Marehemu alikuwa akitumia kitambaa kibichi tu. Mimi nilijiona nimemzidi kwa usafi.

Muda mfupi baada ya eda, siku ya Ijumaa, mkwe alikuja na jerikeni la njano, akaingia chini ya gari, akamwaga oili kuukuu ya giaboksi na kutia mpya, kwa kuwa marehemu alimuusia afanye hivyo. Nilimwona kutoka jikoni. Ijumaa iliyofuata nikakuta kibomba chembamba pembeni ya injini kimefunikwa kwa kipande cha nailoni, kimekazwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nikasema moyoni, hizi ndizo tabia za watu wa malori, kila kitu ni kufunga kwa mpira. Marehemu hakupenda matambara ndani ya gari lake. Nikachukua kisu cha samaki, nikaukata ukanda, nikatupa. Baada ya muda nikakuta kimefungwa tena. Nikakata tena, nikatupa. Hakikufungwa mara ya tatu.

Gari likakaa hivyo, bila kuwashwa, miaka ikapita, mimi na Ijumaa zangu.

Kisha binti mdogo akaposwa na watu wa Diani. Siku ya mahari kuletwa, wageni walipoondoka, akaja akaketi karibu yangu akasema, "Mama, nitatoka kwa gari la baba. Shemeji ataendesha, kama baba alivyosema." Nikamwambia gari limelala muda mrefu. Akasema, "Liamsheni." Ana kichwa kigumu huyu. Amekitoa kwangu.

Mkwe alikuwa safarini na mzigo, kwa hiyo nikaletewa fundi kutoka Ukunda, kijana wa bara, mwembamba, anayeongea huku akitafuna. Alikuja na betri yake na petroli yake, akahangaika asubuhi nzima, na injini ikakohoa, ikawaka. Wanawake waliokuja kuchambua mchele wa harusi wakapiga vigelegele. Fundi akatia gia. Gari halikwenda. Injini ikanguruma, gari limesimama, kama punda aliyekataa. Akaongeza moto, na ghafla likaruka mbele mara moja, likagonga kinu changu cha kutwangia, likasimama tena likitetemeka. Akazima. Akafungua boneti, akachomoa kijiti kirefu kutoka ndani ya kile kibomba chembamba.

"Shosho, kuja uone."

"Mimi si shosho. Shosho wako yuko kwenu. Mimi niite nyanya, au niite mama, au usiniite."

"Sawa, nyanya. Kuja uone hii maneno."

Nikaenda. Aliniambia oili ya giaboksi inatakiwa iwe nyekundu na angavu, uone upande wa pili. Iliyokuwa kwenye kijiti ilikuwa na povu, nzito, rangi ya tui la nazi lililoangukiwa na ubuyu.

"Hii ni maji imeingia," akasema. "Na si kidogo."

"Yameingiaje?"

"Kwa gari kama hii, rejeta ndiyo inapoza hii oili. Rejeta ikitoboka ndani, maji yake inachanganyika na oili. Ama pengine mtu aliweka oili yenye ilikuwa na maji tayari. Ama imetoka juu, lakini hapa juu kuna makuti, sijui." Akanuka vidole vyake. "Nani aliweka hii oili?"

"Mkwe wangu."

"Alitoa wapi?"

"Alikuja nayo kwenye jerikeni."

Fundi akapiga mluzi. Ule mluzi ulinitosha.

Adhuhuri ile ile mkwe akafika na lori. Alikuwa amepitia magunia ya mchele na makaa ya harusi, hakuna aliyemtuma. Mke wake alikuwa kule uwanjani na wanawake wa mchele, ungo mapajani. Mkwe akaweka gunia la kwanza chini, akanisalimia huku akitazama miguu yangu.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia. Nikamuuliza moja kwa moja, bila kupitia kwa mke wake, na hilo peke yake lilitosha kuwanyamazisha wanawake. "Lile jerikeni lako, kabla halijawa la oili, lilikuwa la nini?"

"La maji, mama."

"La maji!" Nikawageukia wanawake. "Mmesikia? La maji!"

Binti yangu mkubwa akasema, "Mama, si umsikilize kwanza."

"Nimsikilize nini? Amekwisha sema. Kwenu Mackinnon Road maji mnayapigania kama dhahabu, kwangu umekuja kuyamwaga ndani ya giaboksi ya mume wangu! Mchuuzi wa maziwa anayetia maji ana haya kuliko wewe, maana yeye huwatilia wapita njia. Wewe umemtilia baba mkwe wako, tena amekwisha kufa!"

Mwanamke mmoja akacheka, wa pili akasema astaghfirullahi. Mkwe akavua kofia. Nilidhani atajitetea, na nilikuwa nimelinoa jibu la kumjibu. Akasema, "Nimekosa, mama. Niwie radhi."

Basi. Akashusha magunia yaliyobaki, akayapanga vizuri kivulini, makaa mbali na mchele. Akaondoka kwa kupitia nyuma ya jiko, ambako hapiti mtu. Jioni binti yangu mkubwa naye akakunja leso zake akamfuata, na kabla ya kutoka akaniambia, "Amesema hataendesha gari siku ya harusi. Asije akalitia mkosi." Binti mdogo akasikia. Akaingia chumbani. Nilimsikia akilia, na mimi nikaendelea kupepeta mchele kwa nguvu, pumba zikiniingia machoni.

Nilikuwa na hakika. Mtu amekiri kwa kinywa chake, unataka nini tena?

Fundi yeye hakuwa na hakika. Kesho yake akafungua kifuniko cha rejeta, akatia kidole, akanionyesha maji. "Ingekuwa ni rejeta, hapa kungekuwa na mafuta inaelea kama mchuzi. Ona, safi." Hata hivyo akaifungua yote, akaziba bomba moja, akaizamisha ndani ya karai langu la kufulia na kupuliza upepo kwa pampu. Tukainama sote wawili juu ya karai, wanawake wakatania kwamba tunapika. Hakuna kiputo hata kimoja kilichotoka.

"Rejeta haina makosa," akasema.

"Basi ni jerikeni."

"Inaweza kuwa."

Nakumbuka nilifurahi. Sitaki kuificha furaha hiyo, ilikuwepo. Nilitaka iwe jerikeni.

Akaingia chini ya gari, akafungua sinia la chuma lililo tumboni mwa giaboksi. Kwanza yakatoka maji matupu, kwa sababu maji huzama na oili huelea juu yake, kisha ile rangi ya tui. Chini kabisa kulikuwa na vumbi la kutu kama machicha ya chai. Akabadilisha chujio. Akatia oili mpya, akawasha, akaacha izunguke, akaimwaga. Akatia nyingine, akaimwaga. Mara ya kwanza ikatoka waridi, ya pili nyekundu iliyopauka, na mwisho ikatoka nyekundu safi, akaniletea kijiti nione kidole chake upande wa pili. Alhamisi jioni gari likaenda mbele mpaka kwenye mkorosho, likarudi nyuma mpaka bandani. Vigelegele. Binti mdogo akatoka chumbani. Fundi akasema atarudi Jumamosi akague tena kabla ya kulipeleka barabarani, na akaniambia hakuna mtu kuligusa.

Nikamwambia hakuna atakayeligusa.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Mnajua nilifanya nini. Nililisuuza kuliko siku zote, kwa sababu lilikuwa linakwenda harusini. Mikono yangu ilikuwa imezoea hivyo kiasi kwamba sikuhesabu kama ni kuligusa. Nilisoma Fatiha, na siku ile nikamwambia marehemu, kwa sauti, kwamba yule uliyemwamini ndiye aliyekuangusha, lakini mimi niko.

Jumamosi fundi akachomoa kijiti. Akakitazama, akakipangusa, akakitia tena, akakichomoa. Kisha akaketi juu ya kinu.

"Nani ameguza gari?"

"Hakuna mtu."

"Nyanya, mtu ameguza hii gari. Ona."

Waridi. Si sana, lakini waridi, na povu lake.

"Labda mkwe wako alikuja?" akauliza.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema pengine. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini mkwe hakukanyaga kwangu tangu siku ile, na kila mtu uwanjani alijua. "Hakuja," nikasema. "Hakuna mtu aliyekuja. Nimelisuuza tu mimi, jana."

"Umesuuza wapi?"

"Humo ndani. Kama siku zote."

Fundi akaacha kutafuna. Akaniambia nichote maji, nisuuze kama ninavyosuuza, bila kubadilisha kitu. Nikachota. Wanawake wakaweka ungo chini. Nikamimina. Yeye akainama, akanionyesha kwa kidole bila kusema. Maji yalishuka juu ya chuma, yakakusanyika kwenye kibonde kidogo, na katikati ya kibonde hicho ndipo kilipochomoza kile kibomba chembamba. Yakazunguka shingo yake, yakaingia. Yalikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija na limekaribia kuisha.

"Hapa kunafaa kuwa na kizibo ya mpira," fundi akasema. "Ya hii imeoza kitambo. Lakini kuna mtu alikuwa amejaribu kuziba. Unaona hii alama? Hii ni tyubu." Akasogeza kidole. "Halafu hapa kuna mtu alikata na kisu."

Kwenye shingo ya kibomba kulikuwa na pete nyeusi ya mpira uliogandia, na juu ya pete mikwaruzo. Kisu kile nilikijua. Kilikuwa jikoni wakati ule, juu ya kigae, kina magamba ya samaki.

Nikaingia ndani, nikampigia simu binti yangu mkubwa. Sikumsalimia. Nikamuuliza, "Mume wako alijua kwamba ni mimi?"

Akasema, "Alijua, mama. Alikuona ukimimina, siku alipokuja kutia oili. Akafunga kile kibomba. Ukakata. Akafunga tena. Akaniambia nikwambie."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Nilikwambia mama, usiwe unatia maji kwenye injini. Ukaniuliza tangu lini nimekuwa fundi."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka nilichokuwa nikipika.

"Na kwa nini alisema amekosa?"

"Ulitaka aseme nini?" Sauti yake ikapanda, na huyu si mtoto wa kunipandishia sauti. "Aseme mama mkwe, umekosa wewe? Mbele ya wanawake wote wale? Jerikeni alilikausha siku mbili juani, mama, mimi ndiye niliyeligeuza. Ulimuuliza lilikuwa la nini, akakujibu ukweli. Ungemuuliza kama alilikausha, angekujibu pia. Hukumuuliza."

Nikakata simu. Sikuwa na hasira naye. Nilikaa kitandani upande wa mume wangu, upande ambao siketi.

Nimeishi kwa kusema ukweli wangu usoni pa mtu, na watu hunisifu kwa hilo, husema yule bibi ni mkali lakini ni mkweli. Siku ile niliona kwamba ni rahisi kuwa mkweli kwa mtu ambaye mila imemfunga mdomo. Nilimpiga mtu aliyefungwa mikono, kisha nikajisifu kwa ngumi yangu.

Nilitoka nje. Wanawake walikuwa wanajifanya wanachambua. Nikasimama pale pale niliposimama siku ile, nikawaambia, "Maji niliyatia mimi. Yule mtoto hakutia. Mliosikia nikimtukana, sikieni na hili, na mlikokwenda kulisema lile, nendeni mkaliseme na hili." Aliyecheka siku ile akainamisha kichwa kwenye ungo. Baadaye bibi mmoja mzee miongoni mwao, ambaye tulisoma naye chuo cha Kurani tukiwa watoto, akasema taratibu, "Haya. Wanawake ni hawa, wamesikia. Na yeye je?"

Fundi akamwaga oili tena, akaosha giaboksi upya tangu mwanzo, na safari hii akaifunga ile shingo kwa nailoni na ukanda wa tyubu, kama alivyofunga mkwe, mpaka apate kizibo chenyewe. Lakini aliponirudishia habari hakuwa akicheka. "Nyanya, ndani ya hii giaboksi kuna masahani yenye yamebandikwa kitu kama karatasi ngumu. Hiyo karatasi imekunywa maji miaka. Gundi imelegea. Oili nimebadilisha, lakini hiyo siwezi. Gia ya kwanza kuingia ya pili, itashtuka."

"Itapona?"

"Haitapona. Itafika, lakini itashtuka."

Akasema anataka kulijaribu barabarani, kokote. Nikamwambia twende Msambweni.

Nikaketi nyuma. Kila lilipoanza kwenda, kabla ya kushika mwendo, gari lilishtuka, kama mtu aliyeguswa bega kwa nyuma. Fundi alikuwa akilisikiliza kwa sikio la fundi. Mimi nilikuwa nalisikiliza kwa tumbo.

Tulimkuta mkwe kando ya barabara pale malori ya mchanga yanaposubiri wapakiaji, yuko na madereva wenziwe kwenye benchi wanakunywa chai. Kuliona gari akasimama. Akaficha kikombe nyuma yake, maana hali wala hanywi mbele yangu, na chai ikammwagikia suruali. Akatazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha nikamgeukia fundi, aliyekuwa ameegemea mlango. "Mwambie mkwe wangu kwamba maji niliyatia mimi."

Fundi akanitazama, akamtazama. "Lakini si ako hapa? Si anaskia?"

"Mwambie."

"Boss, nyanya anasema maji ni yeye."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia."

"Mwambie jerikeni lake halikuwa na kosa. Na ya Mackinnon Road nimeyameza mwenyewe, tena ni machungu."

"Nyanya anasema jerikeni iko sawa, na hiyo ya Mackinnon... hiyo ya Mackinnon iko aje?"

"Mwambie tu. Yeye anayajua."

Dereva mmoja kwenye benchi akashindwa kujizuia, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mkwe hakucheka. Alikuwa bado ameshika kikombe nyuma ya mgongo. "Mwambie mama, sina neno naye."

"Hana neno na wewe."

"Muulize kama atamtoa mtoto kwa gari la baba yake."

"Mwambie nitakuja," akasema mkwe, na hakungoja fundi ageuke. "Ikiwa mama ameniruhusu."

Ikiwa nimemruhusu. Nilirudi Kinondo na maneno hayo. Alisema hana neno kwa sauti ile ile, shingo imeinama vile vile, kama siku aliposema amekosa. Siku ile hakuwa amekosa. Sasa nitajuaje kama kweli hana neno? Mtu aliyekubali kosa lisilo lake kwa heshima, atashindwa kutoa samahani isiyo yake kwa heshima hiyo hiyo? Nilimkosea kwa kupitia mlango wa heshima yake, na mlango huo huo sasa ulikuwa umenifungia nje.

Siku ya harusi alikuja asubuhi na mapema, kanzu nyeupe, kofia mpya. Alilipangusa gari kwa kitambaa kibichi, kama marehemu. Kwa desturi mama habebwi na gari la bi harusi, anayekwenda ni somo wake, yule mwanamke aliyemfunda. Lakini binti mdogo, ndani ya shela zake, alinishika mkono hakuniachia, na somo wake akasema, "Panda, mama yake, nafasi ipo." Nikapanda nyuma, bi harusi kati yetu. Binti mkubwa akaketi mbele kando ya mume wake.

Gari likatoka uwanjani taratibu, wanawake wakiimba pande zote mbili. Lilipofika njiani na kuanza kukaza mwendo, likashtuka. Maua ya asmini yakamwagika kutoka kichwani kwa binti. Somo akasema, "Bismillahi!"

"Samahani, mama," akasema mkwe, macho barabarani. "Niwie radhi."

Anaomba radhi tena. Kwa kosa langu, tena, na mimi nimeketi nyuma yake na manukato yangu. Nilimtazama shingo. Binti mkubwa alikuwa anageuka anitazame, tayari kubeba jibu langu, kama alivyolibeba miaka yote. Nikamwekea mkono begani, asigeuke.

"Mkwe," nikasema, mimi kwake, bila mtu wa kati. "Usiombe radhi. Mshtuko huo ni wangu."

Tukapita minazi, tukapita ukuta mrefu wa nyumba za wageni. Binti mkubwa akatazama dirishani. Somo akajifanya anaokota asmini. Nilidhani nimemtia aibu, nimeongeza kosa juu ya kosa, na nikaanza kutafuta namna ya kulirudisha neno.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni wako."

Miaka yote tangu aoe kwangu, hilo lilikuwa neno la kwanza zito kuniambia. Liliniuma pale lilipotakiwa kuuma.

Pale njia inapoingia Galu kulikuwa na mbuzi barabarani. Mkwe akapunguza mwendo, akangoja wavuke, akakanyaga tena. Gari likashtuka. Safari hii hakuna aliyeomba radhi.